Nyumba Iliyoupa Mtaa Mgongo

Kwenye matanga ya Papa watu walikuwa wengi hata maturubai tuliyokodi hayakutosha, ikabidi vijana wa mtaa waende kuazima jingine kanisani. Viti vya plastiki vilijaa mpaka katikati ya barabara, na pikipiki zikawa zinapita kwa kuomba ruhusa. Nilikaa mkekani na wanawake wenzangu, kichwa nimekifunga kitambaa cheusi, nikawa nawatazama wale watu na kujiuliza ni nani. Kijana mmoja alinipa mkono wa pole akalia machozi ya kweli, machozi ya mfiwa, na hadi leo sijui ni mtoto wa nani. Papa alikuwa amezeekea hapa, na mtaa ulikuwa umejaa hata mimi, binti yake, sikuweza tena kuwajua waliomjua. Aliyeanza kuwachekesha watu ni Mama Kavira, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, ambaye sasa anatembelea fimbo lakini ulimi wake haujaomba fimbo bado. "Munaona hii nyumba?" aliwaambia. "Zamani ilikuwa inatupatia mugongo! Asubuhi unaamuka, unafungua mulango, choo yao ndiyo inakusalimia. Siye tukasema, bon, hawa watu ya Isangi ni walozi, iko kitu wanaficha." Watu walicheka, nami nilicheka, maana matanga yasiyo na kicheko ni matanga ya mtu aliyekosa rafiki. Kisha niliingia ndani kama ninayetafuta maji ya kunywa, nikakaa kwenye kitanda cha Papa. Anayoyasimulia Mama Kavira ni ya kweli, ila yeye aliyaona kutoka upande wa barabara. Upande wa ndani nilikuwako mimi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na minne. Kaka na dada zangu walikuwa wameshaoa na kuolewa, kila mmoja na kwake, tukabaki watatu: Papa, Mama na mimi. Tulipanga vyumba viwili karibu na ufuko, pale zinapotia nanga mashua kubwa za mbao kutoka Yanonge na Isangi. Papa alikuwa fundi wa mashua hizo na mitumbwi. Mama aliuza samaki wakavu. Jiji lilikuwa limeanza kufurika. Watu walishuka Kisangani kutoka kila barabara na kila mto, na mwenye nyumba wetu hakuwa mjinga: kila palipobaki nafasi uani, alisimamisha chumba, mpaka kamba ya kuanikia nguo ikakosa pa kufungwa. Tulisikia majirani wakijigeuza kitandani. Mtu akikohoa chumba cha tatu, Mama alimwambia pole bila kuinuka. "Huku tunalala sawa samaki mu liboke," Papa alilalamika, yaani kama samaki waliofungwa pamoja kwenye majani na kuwekwa juu ya moto. Mama alimjibu kwamba samaki wa liboke angalau hawalali peke yao. Mlango wetu haukufungwa mchana kutwa. Kila aliyeshuka mashuani, kabla hajaenda alikokuwa akienda, alipitia kwetu kunywa maji na kusema nani amezaa, nani amekufa, nani amemkimbia mumewe. Mama alijua habari za mto mzima bila kuondoka kwenye kiti chake, na nadhani hakuna mwanamke aliyekuwa na furaha kuliko yeye katika ufuko ule.

Papa alipata kiwanja kwenye barabara ya Bangboka, upande wa uwanja wa ndege, kwa wenye ardhi wa pale. Leo nikimwambia mjukuu wangu kwamba hapa palikuwa na majani marefu kuliko mtu, anatazama vibanda vya simu na vya kusukia nywele, kisha ananitazama mimi kwa huruma. Lakini ndivyo palivyokuwa. Njia ya mtaa ilikuwa bado vigingi tu vilivyopigwa kwenye majani, na nyumba zilizokuwapo ungeweza kuzikosa ukipita haraka. Vigingi vilipita kaskazini mwa kiwanja chetu. Papa aliuweka mlango kusini. Fundi aliyekuwa akimsaidia kusimamisha miti ya kuta alishika kiuno.

"Papa, avenue itapita huku," alisema. "Mulango yako iko inatazama pori."

"Haitazame pori. Inatazama ebale."

"Ebale iko wapi hapa?"

Papa alinyoosha mkono juu ya majani, kuelekea mahali ambapo mto, kwa mwendo wa mguu, ungekuchosha kabla hujauona. "Kule," alisema. "Hata kama hauione, iko."

Kwetu sisi watu wa mto nyumba hutazama maji, na hakuna anayeuliza kwa nini. Mgeni wa kweli hutokea majini. Ukimwona anafunga mtumbwi unapata nafasi ya kutandika mkeka na kuwaza utampa nini. Anayetokea nyuma, upande wa msitu, ana jambo lake. Kwa hiyo mbele huwekwa kiti, na nyuma huwekwa choo. Papa alifanya kila kitu kama alivyofundishwa na baba yake, ila alikifanya mahali pasipo na maji. Choo chetu na ua wa matete wa kuogea vilisimama pembezoni mwa njia ya mtaa, na ukuta wa nyuma, ambao haukuwa hata na dirisha, ndio uliowatazama majirani. Mama aliuliza mara moja tu kama haifai kuacha upenyo upande ule. Papa alisema nyumba yenye midomo miwili haitunzi neno. Alikuwa mtu mwema, Papa, lakini akishashika msemo, ungedhani ameushika kwa koleo.

Mambo ya majirani niliyajua baadaye sana, kwa kinywa cha Mama Kavira mwenyewe. Yeye na mumewe walikuwa wametoka upande wa Butembo, wametangulia kufika, na alijua uchungu wa siku za kwanza mahali pageni. Aliposikia tumehamia alivuka na sahani ya maharagwe, ameifunika vizuri. Akakuta ukuta. Kulia palikuwa na choo. Kushoto matete, na ndani ya matete mwanamume anaoga huku akiimba wimbo wa kanisani. Alisimama pale na sahani yake akitafuta mlango. Kuizunguka nyumba ya mtu kwa kupita chooni kwake ni kazi ya mwizi au mlozi, na Mama Kavira hakuwa yeyote kati ya hao. Alirudi na maharagwe yake, akawaambia wenzake kwamba watu wa pale hawataki watu. Na wakati huohuo, upande wa pili wa nyumba ileile, Mama alikuwa amekaa mlangoni, amevaa kitenge chake kizuri, na kiti kitupu kando yake, akingoja mgeni atokee kwenye majani.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema Waswahili. Sisi tulingoja kupona. Mama hakujua kupika kidogo. Mkono wake ulikuwa umezoea chungu cha watu wanaopitapita. Alichemsha ndizi, akazitwanga lituma ya kutosha ukoo, akaiweka na samaki katika mchuzi wa mawese, na kuacha sahani moja pembeni imefunikwa. Tulikula watatu, kimya. Papa alikuwa ametoka ufukoni kwa baiskeli, mgongo unamuuma, na maneno yake yote alikuwa ameyamaliza huko kwa wenzake. Asubuhi nilikula ile sahani ya mgeni kabla ya kwenda shule, imeshaganda, na nilikuwa nikiila haraka ili Mama asiiangalie. Ndege zilipita chini juu ya bati letu, mabakuli yakatetemeka mezani, kisha kukawa kimya zaidi kuliko kabla ya ndege. Kukaa kimya kule ufukoni kulikuwa jambo la kutafuta. Hapa kulitujia bure, na kulikuwa kwingi.

Kwenye chemchemi, ambako mtaa mzima ulichota maji, wasichana walipunguza sauti nilipofika. Hawakuninyima zamu, la. Walinipisha, na kupishwa kulinichoma kuliko kusukumwa. Siku moja nilikuwa nimeinama nyuma ya jiwe nikisugua dumu langu kwa mchanga, wakafika wawili bila kuniona.

"Ule mutoto ya nyumba ya mugongo, mama yake haonekanaka."

"Pengine hana mama."

"Iko naye. Wanamufungaka ndani, mais juu ya nini, miye sijue."

Nilitaka kuinuka niwaambie kwamba mama yangu ndiye mtu anayependa watu kuliko yeyote katika Kisangani nzima, kwamba waje sasa hivi, kuna lituma. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Niliendelea kusugua dumu lililokuwa limeshang'aa, mpaka walipoondoka. Nyumbani sikusema kitu. Mpaka leo sijui kama ningesema, mambo yangekuwa mengine. Watoto hawakuulizwa, na mimi sikuwa mtoto wa kuongea bila kuulizwa. Nilikuwa mpweke, basi, na upweke wa umri ule hauna adabu: unakufuata shuleni, unakaa nawe kwenye benchi, unarudi nawe njia nzima ya vumbi.

Mvua zilipoanza, nilisikia maongezi yao. Kati ya chumba changu na chao palikuwa na mkeka uliotundikwa tu, na walikuwa wamekaa kitandani baada ya chakula cha jioni, taa ya mafuta bado inawaka.

"Papa Anto," Mama alisema. Jina langu ni Antoinette, na hivyo ndivyo alivyomwita mumewe. "Hapa kinywa yangu iko inaoza."

"Watu watakuja, Mama. Mji iko inakua. Kila siku mutu anaweka musingi. Itajaa."

"Itajaa, mais hapana kwetu. Toboa hii ukuta. Toboa tu mulango moja, nione mutu akipita."

"Kufungulia njia? Alors, siye tumekuwa watu ya pori, wenye nyumba yao inatazama njia?"

"Siye tumekuwa watu ya nini, sasa? Uniambie."

Nilimsikia Papa akivua viatu, kimoja, halafu kingine. Wiki ileile Mama alifunga nguo zake kwenye kitenge na kusema anakwenda kwa dada yake Isangi, atakaa siku chache. Mimi nilimsindikiza mpaka ufukoni, nimebeba mzigo kichwani. Huko wanawake walimwita kutoka kila upande, "Mama Anto, umepoteaka wapi?", naye akawajibu wote kwa pamoja, na uso wake ulifunguka hata nikaona wivu. Kabla ya kupanda mashua alinishika shavu. "Weye bakia na papa yako," alisema. "Minaenda kusikia watu kidogo."

Hakurudi. Mwanzoni Papa alisema ni mvua, mto umevimba. Halafu akasema ni dada yake, anamhitaji shambani. Mashua zilikuja kutoka Isangi zikaleta salamu, zikaleta samaki waliofungwa vizuri kwa majani, na mtu mwingine tofauti kila mara wa kutuambia kwamba Mama ni mzima. Nilijifunza kupika. Nilijifunza pia kwamba nyumba yenye watu wawili wanaomngoja wa tatu haina watu wawili. Papa alirudi jioni, akakaa mlangoni kwenye kiti cha Mama, akatazama kusini. Sikuwahi kumwona akilia, lakini alianza kuniuliza mambo ambayo hakuwahi kuyajali: chumvi imepatikana wapi, mwalimu alivaa nini leo. Nilimjibu kwa urefu. Yalikuwa maongezi ya watu wawili wanaoogopa kunyamaza.

Na mtaa, wakati huo, ukawa unajaa kweli kama alivyotabiri. Hilo ndilo linalonishangaza hadi leo ninaposikia wakubwa redioni wakilizungumzia jiji lililokua, kana kwamba wingi wa watu ni dawa. Kila nilipotoka shule palikuwa na rundo jipya la matofali, bati jipya, mama mgeni anayepepea moto wake wa kwanza kwenye kiwanja ambacho jana kilikuwa majani. Sauti za watoto zilitoka pande zote. Ungeweza kusikia kicheko cha nyumba ya nne ukiwa kwetu. Na hakuna aliyepiga hodi, kwa sababu hapakuwa na pa kupiga.

Siku moja, msimu wa mvua ukikaribia kuisha, nilirudi nikakuta wanaume wanapanga matofali ya kuchoma kusini mwetu, hatua chache tu mbele ya mlango. Mtu alikuwa amenunua kiwanja kile, na alikuwa anajenga ukuta wa nyumba yake palepale mpakani, kwa haki yake. Papa alipofika, ukuta ulikuwa umeshampita kifua. Aliuegemezea baiskeli.

"Ndugu yangu," alimwambia mwenye ukuta, "hapa ni mbele ya nyumba yangu."

Yule bwana alichungulia upande wa barabara, akaiona njia, akaona choo, akamtazama tena Papa kwa mshangao wa kweli. "Papa, pardon. Siye wote tulizania hapa ni nyuma yako."

Papa hakugomba. Alikaa kwenye kiti akatazama matofali mpaka kikombe cha chai nilichompa kikapoa. Jumamosi iliyofuata, asubuhi, alichukua panga na mtaimbo, akaupiga ukuta wa nyuma. Ulikuwa wa udongo na miti, haukuwa na ubishi mwingi. Vumbi lilitoka mpaka barabarani, na watoto walikusanyika kwanza, kisha wazazi wao. Mume wa Mama Kavira alitazama kidogo, akaenda kwake, akarudi na sururu. Wakafanya kazi pamoja. Tundu lilipofika urefu wa mtu, Mama Kavira aliinama akachungulia, akaniona mimi nimesimama katikati ya chumba na ufagio.

"Kumbe iko mutoto!" alisema. "Na mama ya nyumba iko wapi? Siku zote tunasema munakatala watu."

"Siye ndio tulikuwa tunangojea watu," nilimwambia, nikainamia ufagio. Mama Kavira aliingia kwa kuruka udongo, akanishika mabega, akaniuliza kama nimekula. Siku ile nyumba yetu ilijaa. Papa alisimulia habari ya ebale na mlango, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na yeye akacheka nao, wa kwanza kucheka na wa mwisho kunyamaza. Choo kilihamishwa. Tulipobaki wawili jioni alitia mlango, akaupaka rangi ya buluu, na kuniambia kwamba likizo ikifika niende Isangi nikamwambie Mama.

Nilikwenda. Mashua ilikuwa imejaa magunia na mbuzi, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nilimkuta Mama kwa dada yake, chini ya paa la jikoni, katikati ya wanawake wanaomenya ndizi. Amenenepa, anacheka, mkono mmoja juu ya goti la mtu. Nilimwambia yote mbele yao, sikuweza kungoja: mlango, Mama Kavira, maharagwe, choo, jinsi watu wanavyoingia sasa bila kuitwa. Wanawake walipiga makofi. Mama alitabasamu, akanipa kisu nimenye nao. Jioni tu, tulipokwenda kuoga mtoni, ndipo aliponijibu.

"Papa yako alitoboa ukuta sababu walimufungia mbele," alisema. "Miye nilimuomba, hakutoboa. Tofali ilimuomba, akatoboa."

"Mais sasa iko wazi, Mama."

"Iko wazi. Nimefurahi. Hapa miye nikikohoa, mutu anauliza." Alinimwagia maji mgongoni, akanisugua kama nilipokuwa mdogo. "Bakia na miye, Anto. Shule iko hapa pia."

Nililala kitanda kimoja naye likizo nzima, na kila asubuhi niliamka nikiwa nimeamua kubaki. Halafu nilimuwaza Papa anaingia na baiskeli yake, mlango mpya uko wazi, majirani wanamwamkia, na hakuna mtu ndani wa kumwambia kwamba amechelewa. Kumpenda mzazi mmoja kusiwe ni kumwacha mwingine, husema watu ambao hawakuwahi kupanda mashua. Mama alinisindikiza mpaka majini. Hakulia na hakunilaumu, na hakunipa salamu za kumpelekea Papa. Aliishi Isangi mpaka mwisho wake, miaka mingi, na nilikwenda kila nilipoweza.

Nilifika nyumbani mchana, Papa bado yuko kazini. Nilifagia, nikawasha moto, nikaweka sufuria. Ilikuwa bado haijachemka nilipoona kivuli kwenye sakafu. Mwanamke alikuwa amesimama kizingitini, kijana, mtoto mgongoni, miguu ina vumbi la safari. Walikuwa wamehamia asubuhi ile, alisema, nyumba ya pembeni kabisa, na hakumjua mtu hata mmoja. Aliona mlango wazi.

"Pardon," alisema, akitazama nyuma yangu ndani ya chumba. "Mama ya nyumba iko?"

Nilipangusa mikono kwenye kitenge.

"Ni miye," nilimwambia. "Ingia."